Njeru, Ntune na Njiru: Majina ya Rangi na Uwezo wa Jicho katika Meru na Embu

Utangulizi

Kimeru na Kiembu, kama zilivyo lugha nyingi za Kibantu, zina mizizi mitatu ya sifa ambayo ndiyo nguzo ya kutaja rangi: -eru kwa kile kilicho cheupe, -iru kwa kile kilicho cheusi, na -tune kwa kile kilicho chekundu. Kiswahili, pamoja na wingi wa msamiati wake, hakiko mbali na hali hiyo. Sifa zake za rangi zinazopokea viambishi vya ngeli ni tatu vilevile: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine hutajwa ama kwa jina la kitu ama kwa neno lililotoka katika lugha nyingine. Kijani ni jani, manjano ni kiungo cha mchuzi, zambarau ni tunda, kahawia inatokana na kahawa na kijivu inatokana na jivu. Samawati ilitoka katika Kiarabu, buluu katika Kiingereza, na neno rangi lenyewe asili yake ni Kiajemi.

Kutokana na hali hiyo limezuka swali ambalo limewashughulisha wataalamu wa Ulaya na Marekani kwa muda unaozidi karne moja na nusu: je, lugha yenye majina machache ya rangi ni dalili kwamba wenye lugha hiyo huona rangi chache? Jibu la swali hili leo linafahamika, nalo ni kwamba sivyo. Hata hivyo historia ya swali lenyewe yafaa isimuliwe, kwa sababu kosa lililozaliwa nalo halijafa. Lingali katika utafiti wa lugha, lingali darasani, na lingali katika zahanati.

Makala haya yana hoja moja. Kuitaja rangi na kuiona rangi ni mambo mawili, na mtu anayelifanya moja kuwa kipimo cha jingine hukosea pande zote mbili. Huwadhania wenye macho mazima kuwa na kasoro, na wakati huohuo humpita bila kumtambua yule ambaye kwa kweli ana kasoro. Mifano itachukuliwa hasa kutoka Meru na Embu, mahali ambapo rangi imebeba mzigo mkubwa katika historia ya watu wenyewe.

Rangi tatu katika mapokeo ya Wameru

Mapokeo ya Wameru yasema kwamba wahenga wao waliishi mahali palipoitwa Mbwaa, penye maji, wakiwa chini ya utumwa wa watu walioitwa Nguo Ntune, yaani wenye nguo nyekundu. Baada ya kupewa kazi ngumu zisizotekelezeka, walitoroka wakiongozwa na Koomenjwe, wakayavuka maji yaliyogawanyika mbele yao. Hawakuvuka wote kwa wakati mmoja. Waliovuka usiku waliitwa Njiru, waliovuka alfajiri mbingu zilipopiga wekundu waliitwa Ntune, na waliovuka kulipokwisha kucha waliitwa Njeru. Hadi leo koo nyingi za Meru hujipanga katika mafungu hayo matatu.

Padre Bernardo Bernardi aliyajadili mapokeo haya katika kitabu chake juu ya Mugwe kilichotoka mwaka 1959, na Jeffrey Fadiman alikusanya masimulizi ya wazee kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Fadiman aliielekeza Mbwaa katika visiwa vya Lamu, hasa Manda, na kuiweka safari hiyo katika karne ya 18. Wapo waliolitilia shaka jambo hili, J. Forbes Munro, mwaka 1967, aliitaka historia ya kuhama kwa watu wa nyanda za juu za mashariki ya Kenya ifikiriwe upya. Mzozo huo si wetu hapa. Yawe mapokeo haya ni habari ya safari ya kweli au ni namna ya watu kuzipanga koo zao, kilicho muhimu kwa mwanaisimu ni kile yanachotufunulia juu ya maneno yenyewe.

Tazama kwamba rangi tatu hapa zimetumika kuugawa muda. Njiru si weusi wa rangi iliyopakwa bali ni giza. Njeru si weupe wa chokaa bali ni mwanga wa mchana. Ntune inasimama kati yao, pale giza linapogeuka nuru. Kwa hiyo mizizi hii haitaji rangi peke yake. Inataja pia kiasi cha mwanga. Kiswahili kinalithibitisha jambo hilo. Tunaposema kumekuwa kweupe, hatuna maana kwamba kuna kitu kimepakwa rangi nyeupe, bali kwamba giza limeondoka. Jambo lililofanywa peupe limefanywa mbele za watu. Na mtu anayeitwa mweupe katika mazungumzo yetu ya kila siku huenda akawa Mwafrika halisi ambaye ngozi yake imepungua weusi kuliko ya ndugu yake.

Mlima nao unatoa ushahidi wa aina hiyo. Wameru huuita Kirimaara, jina linaloelezwa kuwa ni mlima wenye mabaka meupe. Majirani zao huuita Kirinyaga, na Wakamba Kiinyaa, jina ambalo wengi hulihusisha na mbuni dume mwenye manyoya meusi na meupe. Ludwig Krapf aliuona mlima huo kutoka Kitui tarehe 3 Desemba 1849, na kutokana na jina alilolisikia huko ndipo likapatikana jina la nchi ya Kenya. Jina la namna hiyo halishughuliki na theluji peke yake wala mwamba peke yake. Linashughulika na tofauti baina ya viwili hivyo, yaani mchanganyiko wa cheupe na cheusi unaoonekana kwa mbali. Jamii za wafugaji wa Afrika ya Mashariki zina msamiati mpana wa namna hii, wa mabaka, milia na madoa ya ng'ombe, ambao orodha ya rangi za kitabuni haiwezi kuupima.

Katika Embu na Mbeere mizizi hii inasikika kila siku katika majina ya watu, kwa kuwa Njeru na Njiru ni majina ya kawaida kabisa huko. Mtu huitwa Njeru bila yeyote kutazamia kwamba atakuwa mweupe. Jina limekwisha kujitenga na jicho.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Tuchukue mfano wa mzee wa Tigania au Imenti ambaye tangu kuzaliwa haoni tofauti iliyo wazi kati ya wekundu na weusi. Mzee huyo ataweza kuwasimulia wajukuu habari za Nguo Ntune na za ukoo wa Ntune bila kukosea neno hata moja. Atajua kwamba damu ni -tune kwa sababu kila mtu husema hivyo. Lugha itakuwa imempa kile ambacho jicho lilimnyima, na hakuna msikilizaji atakayetambua. Basi ikiwa maneno sahihi yaweza kukaa kinywani mwa mtu ambaye jicho lake lina kasoro, maneno hayawezi kuwa ushahidi wa jicho.

Historia ya kosa

Kosa la kulipima jicho kwa maneno lilianza mbali na Afrika. Mwaka 1858, William Gladstone, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mara nne, alitoa kitabu kikubwa juu ya Homer. Aliona kwamba mtunzi huyo wa Kigiriki hutaja rangi kwa namna ya ajabu: bahari ameifananisha na divai, na neno la buluu halionekani. Gladstone alihitimisha kwamba uwezo wa Wagiriki wa kale wa kuona rangi ulikuwa bado haujakua. Lazarus Geiger, Mjerumani, aliipanua fikira hiyo mwaka 1867 kwa kutazama maandiko ya kale ya lugha nyingine. Mwaka 1877 daktari wa macho Hugo Magnus akaifanya kuwa nadharia kamili, akidai kwamba jicho la binadamu lilijifunza rangi moja baada ya nyingine katika muda wa historia, likianza na nyekundu na kumalizia na buluu.

Nadharia hii ilikuwa na hatari iliyojificha ndani yake. Ikiwa Wagiriki wa kale waliitwa watu wa jicho changa kwa sababu ya maneno yao, watu wa Afrika na wa visiwani ambao lugha zao zilikuwa na majina matatu au manne ya rangi wangewekwa katika ngazi hiyohiyo, tena katika zama hizi hizi. Tofauti ya msamiati ingekuwa tofauti ya maumbile.

Magnus, kwa sifa yake njema, aliipima nadharia yake. Alituma maswali pamoja na vipande vya rangi kwa watu walioishi miongoni mwa mataifa mbalimbali, na majibu aliyoyachapisha mwaka 1880 yalimlazimisha arudi nyuma. Watu ambao lugha zao hazikuwa na jina la pekee la kijani au la buluu waliweza kuzitenga rangi hizo kwa macho bila taabu. Grant Allen, katika kitabu chake cha mwaka 1879, alikuwa amefikia jibu la namna hiyo. Kwa haki, jambo lingeishia hapo.

Halikuishia. Mwaka 1898 W. H. R. Rivers alikwenda katika visiwa vya Mlango wa Torres, kati ya Australia na New Guinea, pamoja na wataalamu wengine kutoka Cambridge. Alipima macho ya wenyeji kwa vyombo alivyochukua. Kwa kuwa aliwaona wakiita buluu kwa majina ya weusi, na kwa kuwa vipimo vyake vilionyesha udhaifu fulani wa kuiona buluu hafifu, alidhani kwamba ngozi na macho yenye weusi mwingi huenda yakawa ndiyo sababu. Dhana ya zamani ilikuwa imepata vazi la maabara.

Zamu ya Kiswahili ilifika mwaka 1969, Brent Berlin na Paul Kay walipochapisha utafiti wao juu ya majina ya msingi ya rangi. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha 20 walizozipima wenyewe kwa vipande 329 vya rangi. Walidai kwamba lugha zote hupita njia moja: kwanza nyeupe na nyeusi, kisha nyekundu, kisha kijani au manjano, kisha buluu, na kuendelea. Wao hawakusema kwamba macho ya watu yanatofautiana. Kinyume chake, walijenga hoja yao juu ya umoja wa macho ya binadamu. Lakini lugha nyingi kati ya hizo 20 ziliwakilishwa na msemaji mmoja tu aliyeishi karibu na San Francisco. Nao waliokuwa wamejifunza kuzipanga lugha katika ngazi waliweza kwa urahisi kuona katika ngazi hizo maendeleo na ubichi wa akili. Uchunguzi wa Victor Turner juu ya Wandembu wa Zambia, uliochapishwa katika miaka ya 1960, ulikuwa umekwisha kuonyesha njia nyingine: kwamba mahali penye nyeupe, nyekundu na nyeusi, rangi hizo tatu huweza kubeba falsafa nzima ya maisha, mauti, usafi na damu.

Jicho lenyewe

Wakati wanafilolojia wakibishana, elimu ya jicho ilikuwa imeshika njia yake. Tarehe 31 Oktoba 1794 John Dalton, mtaalamu wa kemia, alisoma mbele ya chama cha wasomi cha Manchester maelezo ya macho yake mwenyewe. Aligundua kwamba ua ambalo wengine waliliona la rangi moja mchana na usiku, yeye aliliona likibadilika katika mwanga wa mshumaa. Kaka yake naye aliliona vivyo hivyo. Dalton alidhani kwamba majimaji ya ndani ya macho yake yalikuwa na rangi ya buluu. Alipofariki mwaka 1844 macho yake yalichunguzwa na majimaji hayo yakakutwa safi. Sehemu za macho hayo zilihifadhiwa, na mwaka 1995 uchunguzi wa jeni ulionyesha kwamba alikosa moja ya chembe tatu za kupokea rangi.

Katika retina ya jicho la kawaida mna aina tatu za chembe ziitwazo koni: moja huitikia zaidi mawimbi marefu ya mwanga, ya pili mawimbi ya kati, na ya tatu mawimbi mafupi. Ubongo hulinganisha habari za aina hizo tatu na kupata rangi zote tunazozijua. Aina moja ikikosekana au ikiwa na hitilafu, baadhi ya rangi hushindwa kutengana. Hitilafu iliyo ya kawaida kuliko zote ni ya nyekundu na kijani. Asiye na koni za mawimbi marefu huona nyekundu ikiwa imefifia na kuelekea weusi. Kwake Ntune na Njiru hukaribiana. Asiye na koni za kati huchanganya nyekundu, kijani na kahawia zenye mwanga sawa. Lakini wote wawili huona cheupe na cheusi, huona umbo na kivuli, nao hutofautisha manjano na buluu vizuri. Si vipofu.

Jeni za koni ndefu na za kati zimo katika kromosomu X. Mwanamume ana kromosomu X moja tu, aliyoipata kwa mama. Mwanamke ana mbili, na ile iliyo nzima humkinga. Ndiyo maana hitilafu hii huonekana kwa wanaume wapatao 8 katika kila 100 wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini, lakini haifikii mwanamke mmoja katika kila 100. Uchunguzi uliofanywa miongoni mwa Waafrika kwa jumla umeonyesha viwango vya chini kuliko hivyo, na jambo hili lenyewe ni jibu tosha kwa fikira za Magnus: wenye majina machache ya rangi ndio ambao kasoro hii ni haba kwao.

Njia ya urithi nayo yastahili kuangaliwa. Baba mwenye hitilafu hawezi kumrithisha mwanawe wa kiume. Humrithisha binti, ambaye kwa kawaida huona rangi zote, na binti huyo huweza kuipitisha kwa wanawe. Kila mwana ana nafasi ya nusu kwa nusu. Hivyo hali ya babu mzaa mama huruka kizazi kimoja na kumtokea mjukuu. Waembu, kama Wagikuyu, humpa mtoto wa kiume wa pili jina la babu huyo. Mila imemkumbuka babu kwa jina, na maumbile huenda yamemkumbuka kwa jicho, ingawa maumbile hayachagui mwana wa pili. Mwenye kutaka kujua historia ya hali hii katika ukoo hana budi kuufuata upande wa mama, upande ambao nasaba zinazohesabiwa kwa baba huuacha kando.

Ikweta na dhana iliyorudi

Mtu angedhani kwamba katika karne ya 21 fikira za Magnus zingekuwa makumbusho. Mwaka 2002 Delwin Lindsey na Angela Brown walitoa nadharia mpya. Lenzi ya jicho hugeuka manjano kadiri mtu anavyozeeka, na miale mikali ya jua huharakisha jambo hilo. Lenzi ya manjano huzuia mawimbi mafupi, yaani buluu. Lugha nyingi za karibu na ikweta hazina jina moja la pekee la buluu. Kwa hiyo, walisema, huenda jua ndilo lililozinyima lugha hizo jina la buluu kwa kuyachosha macho ya wasemaji wake.

Hakuna mahali ambapo nadharia hii ingefaa kupimwa kuliko Meru. Ikweta hupita kilomita chache tu kusini ya mji wa Meru, na watu wengi wa huko wanaishi na kulima katika miinuko inayozidi mita 1,000, ambako jua ni kali zaidi. Na ni kweli kwamba Kimeru hakina mzizi wa asili wa buluu ulio sambamba na -eru, -iru na -tune.

Lakini mwaka 2005 Joseph Hardy na wenzake walionyesha udhaifu wa nadharia hiyo. Waliwapa vijana na wazee wa Marekani rangi za kutaja. Wazee, ambao lenzi zao zilikuwa zimekwisha kugeuka manjano, walitumia jina la buluu karibu sawasawa na vijana. Vijana walioonyeshwa rangi zilizobadilishwa ghafla kana kwamba wanatazama kupitia lenzi ya uzee ndio waliobadilisha majina. Maana yake ni kwamba jicho na ubongo hujirekebisha polepole katika miaka mingi. Mzee huwa amepoteza uhodari wa kutenga rangi zilizo karibu, lakini jina halimwachi.

Hapo panahitaji uangalifu wa watafiti wa lugha. Tunapokwenda Tharaka, Chuka au Mbeere kukusanya msamiati, twawatafuta wazee kwa sababu wao ndio hazina. Twawaonyesha vipande vidogo vya rangi, mara nyingi ndani ya nyumba yenye mwanga hafifu, na twaandika kwamba lugha haitofautishi buluu nzito na nyeusi. Huenda ni lugha. Huenda pia ni mtoto wa jicho, ugonjwa ambao hufifisha buluu na kuipaka dunia umanjano, na ambao ukipasuliwa mgonjwa hushangaa kuona buluu imerudi. Mtafiti ambaye hakuuliza habari za jicho hana haki ya kuandika hitimisho juu ya lugha.

Shambani, darasani na katika zahanati

Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni, iliyokuwa imewazuia Waafrika kulima kahawa, iliruhusu ukulima wa majaribio katika Meru, Embu na Kisii. Zao hilo linataka macho. Matunda yanayofaa ni mekundu, na mabichi ya kijani hutengwa kabla ya kahawa kumenywa kiwandani. Nyekundu juu ya kijani ndiyo hasa inayomtatiza mwenye hitilafu tuliyoieleza. Hata hivyo Kiswahili hakimwulizi mchumaji juu ya rangi. Humwambia achume yaliyoiva na kuyaacha mabichi. Sifa -bivu na -bichi hukusanya rangi, ulaini, mng'aro na utamu kwa pamoja. Harold Conklin, mwaka 1955, aliona jambo lililo karibu na hili miongoni mwa Wahanunoo wa Ufilipino, ambao majina yao ya rangi hubeba pia ubichi na ukavu wa kitu. Mchumaji asiyeona wekundu hutumia vidole vyake na mwanga wa tunda, akafanya kazi yake, labda polepole kuliko wenzake. Lugha inampa njia ya kupita, lakini pia inamficha.

Darasani mambo huwa kinyume. Baada ya Waingereza kuitiisha Embu mwaka 1906 na kuweka kituo Meru mwaka 1908, shule za misheni zilifuata, kama ile ya Kigari mwaka 1910 na baadaye ya Chogoria mwaka 1922. Shule ilileta swali jipya: hii ni rangi gani? Swali hilo linatenga rangi na kitu, nalo linataka jina. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, na shabaha hiyo ni njema. Lakini mtoto wa Runyenjes au Maua bado hukutana na majina ya rangi kutoka lugha tatu kwa wakati mmoja, na mwalimu husahihisha jina, si jicho.

Mtoto akiita kijani kahawia, huenda pana sababu mbili zisizofanana hata kidogo. Huenda hajajifunza neno, na tiba yake ni kufundishwa. Au huenda haoni tofauti, na kumrudia neno mara mia hakutamsaidia. Kutamfundisha kwamba yeye ni mjinga. Swali la jina haliwezi kuzitenga sababu hizi. Linaloweza kuzitenga ni zoezi lisilo na maneno. Frithiof Holmgren wa Sweden alilifahamu jambo hili katika miaka ya 1870, alipokuwa akiwapima wafanyakazi wa reli baada ya ajali ya treni ya Lagerlunda ya mwaka 1875. Hakuwauliza majina ya rangi. Aliwapa mafundo ya nyuzi za sufu akawaambia wachague yanayofanana na fundo moja. Kitabu cha Shinobu Ishihara cha mwaka 1917, ambacho kingali kinatumika, kina kurasa za tarakimu zilizofichwa katika vitone, lakini pia kina kurasa ambazo mtu asiyejua tarakimu hufuata njia kwa kidole. Mwalimu wa Embu hahitaji chombo cha ajabu ili kupata dokezo la kwanza: nyuzi zilezile zinazosukiwa vyondo, katika mwanga wa mchana, zatosha. Dokezo si uthibitisho. Baada yake mtoto na apelekwe kwa mtaalamu wa macho.

Katika zahanati jambo ni zito zaidi, kwa sababu si kila hitilafu ni ya kuzaliwa. Ya kuzaliwa huwa katika macho yote mawili na haibadiliki. Inayoanza ukubwani huweza kushika jicho moja kuliko jingine na kuongezeka, nayo mara nyingi ni dalili ya ugonjwa: kisukari, maradhi ya mshipa wa jicho, au madhara ya dawa. Ethambutoli, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, kwa wagonjwa wachache hudhuru mshipa wa jicho, na mara nyingi nyekundu na kijani hufifia mapema. Ikitambuliwa upesi na dawa ikasimamishwa na daktari, mara nyingi jicho hupona. Ikichelewa, uoni huweza kupotea. Basi mgonjwa akiulizwa kwa Kiswahili kama anaona rangi vizuri, naye akajibu kwamba damu ni nyekundu na majani ni kijani, amejibu kwa ulimi wake. Alijua hayo kabla ya kuugua. Kinachofaa ni kumpima kabla ya dawa na baada yake, kila jicho peke yake, na kumwuliza kama wekundu alioujua umebadilika.

Suala la istilahi

Istilahi tunayoitumia, upofu wa rangi, ina sehemu yake katika kosa hili. Imetafsiriwa kutoka Kiingereza, na katika Kiswahili upofu ni kutoona kabisa. Mzazi akiambiwa kwamba mwanawe ni kipofu wa rangi, humnyoshea kidole nyasi akamwuliza ni rangi gani. Mtoto akijibu kijani, mzazi huamini kwamba daktari amesema uongo. Wasioona rangi yoyote wapo, lakini ni wachache mno, mmoja hivi katika watu 30,000.

Napendekeza kwamba upofu wa rangi ubaki kwa hao tu. Hali iliyo ya kawaida na iitwe upungufu wa kuona rangi, ukitajwa kwa rangi zinazochanganywa: upungufu wa nyekundu na kijani, au upungufu wa buluu na manjano. Tena tutenge upungufu wa kuzaliwa na upungufu wa baadaye, kwa sababu wa kwanza ni hali ya kuishi nayo na wa pili ni onyo. Watunga kamusi wa Kiswahili na wa lugha za Mlima Kenya wangefanya vema kulishauriana jambo hili pamoja, ili muuguzi wa Meru na mgonjwa wake wawe na neno moja.

Hitimisho

Tumeona kwamba mizizi mitatu ya rangi katika Meru na Embu ilitosha kuwagawa watu katika koo, kuugawa usiku na mchana, na kuwapa watoto majina. Si dalili ya jicho pungufu. Tumeona pia kwamba historia ya kulidhania jicho kutokana na neno, kutoka Gladstone mwaka 1858 hadi nadharia ya jua ya mwaka 2002, imejirudia kila mara kwa sababu neno ni rahisi kukusanya na jicho ni gumu kupima. Kwa hiyo mtafiti, mwalimu na muuguzi wafuate utaratibu mmoja: kwanza waulize kama mtu anaweza kulinganisha, kisha kama anaweza kutofautisha, na mwisho kabisa ndipo wamwulize jina. Tukianza na jina, tutakuwa tumeupima ukumbusho wa kile ambacho jamii ilimfundisha, na mtoto ambaye kwake Ntune na Njiru zinafanana ataendelea kukaa nyuma ya darasa akiitwa mzembe.